Redio ya Kwanza Mtaani

Mwalimu alikuwa ameshavuka geti, picha kwapani, imefungwa kwa taulo la kuogea, na mama mkwe wake bado alikuwa anamfuata nyuma akiwa na kandambili mguu mmoja tu.

"Usiilaze," mama mkwe alisema. "Baba hakuwa mtu wa kulala ovyo."

"Sitailaza, mama."

"Na usiiweke karibu na chaki. Vumbi la chaki linaharibu mapafu."

"Picha haina mapafu, mama."

"Haya, umeanza majibu yako ya darasani. Nenda. Lakini ukirudi bila baba yangu, usirudi."

Mwalimu akaongeza mwendo. Hakugeuka nyuma, maana aliwajua wakwe. Ukigeuka, unapewa sharti jingine.

Alifundisha darasa la nne. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, hata mumewe alimwita hivyo, hasa siku akiwa na kosa. Mumewe alikuwa fundi wa friji na viyoyozi, mtu mpole, mikono imejaa grisi. Naye mama mkwe aliitwa Bibi Redio. Jina hilo alipewa na hiyo hiyo picha iliyokuwa inaondoka.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Baba yake Bibi amesimama, kijana bado. Amevaa koti jeusi. Pembeni yake kuna meza yenye maua, na juu ya meza kuna redio kubwa ya mbao. Mkono wake mmoja uko juu ya redio. Anatazama mbele kama mtu anayezuia chafya.

"Hiyo ndiyo redio ya kwanza mtaa huu," Bibi alimwambia kila mgeni kabla mgeni hajapata pa kukaa. Aliyeleta bili ya maji aliambiwa. Aliyekuja kupulizia dawa ya mende aliambiwa, tena akiwa amefunga pua na mdomo, hawezi kujibu.

Mtu mmoja tu alibisha. Huyo alikuwa Kinyozi, mwenye duka ng'ambo ya barabara. Kinyozi naye alikuwa na baba. Na baba yake naye ndiye aliyekuwa na redio ya kwanza mtaani. Bibi na Kinyozi walikuwa wamenuniana tangu ujana wao. Fundi, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa anakwenda kunyolewa mtaa wa pili, kwa sababu mama yake hakutaka kichwa cha familia kishikwe na adui.

Sasa, kwa nini picha ilikuwa inakwenda shule? Somo lilikuwa Maisha ya Zamani Mjini Kwetu. Wiki iliyopita Mwalimu alilifundisha kwa kitabu. Watoto wa madawati ya nyuma walisinzia. Wa mbele walikaa macho kwa adabu tu. Mmoja aliuliza, "Mwalimu, zamani ni lini? Kabla ya sikukuu?" Mwalimu akaona maneno matupu hayatoshi. Watoto wanahitaji kitu cha kutazama.

Bibi alikubali kuitoa picha kwa sababu yake mwenyewe. Siku ya wazazi ilikuwa karibu, na Mwalimu Mkuu alikuwa amekubali Bibi asimame mbele ya watu aeleze habari za baba yake. Bibi alikuwa ameshanunua viatu. Kila jioni alikuwa anavitembeza sebuleni ili visije vikamuumbua.

Basi Mwalimu akafika darasani. Akaitundika picha kwenye msumari juu ya ubao, jua la dirishani likaipiga usoni. Akachukua fimbo ya kuonyeshea.

"Huyu ni mtu wa kwanza kuwa na redio katika mtaa wetu," alisema. "Andikeni."

Watoto wakaandika. Akawaambia kuhusu koti. Wakaandika. Akawaambia kuhusu meza. Wakaandika. Katikati ya uandishi huo kidole kikainuka. Kilikuwa cha mjukuu wa Kinyozi, msichana mwembamba ambaye wenzake walimwita Wakili.

"Mwalimu, umejuaje?"

"Nimeambiwa na bibi, mtoto wake mwenyewe."

"Mimi nimeambiwa na babu kwamba wa kwanza ni baba yake. Sasa tuandike maneno ya nani?"

Mwalimu akashusha fimbo.

"Una picha?" akauliza.

"Ipo."

"Ilete kesho."

Wengine nao wakadakia. Kila mmoja kwao kulikuwa na picha ya zamani. Mwalimu akasema haya, wote waleteni. Hakujua anafungua nini.

Kesho yake madawati yalijaa mababu. Wengine walikuja ndani ya mifuko ya plastiki, wengine katikati ya madaftari. Mmoja alikunjwa akatiwa mfukoni. Mwalimu akapita dawati hadi dawati, na kadiri alivyopita, ndivyo mwendo ulivyompungua. Baba yake Kinyozi: koti jeusi, maua, redio. Babu wa mtoto wa muuza samaki: koti jeusi, maua, redio. Babu wa pacha wa dawati la mwisho: koti, maua, redio.

"Kumbe mtaa wetu ulikuwa na redio nyingi," alisema mtoto mmoja.

"Na makoti mengi," alisema mwingine.

"Au ilikuwa redio moja," alisema Wakili.

Mwalimu akakaa kwenye kiti, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

Habari haikungoja kengele ya kutoka. Jioni Kinyozi alikuwa mlangoni kwake, mkasi mkononi, mteja ndani amenyolewa nusu kichwa.

"Baba yako aliazima redio yetu apigie picha," alisema kuelekea ng'ambo. "Ushahidi umepatikana."

"Baba yako alikuwa hana hata pa kuiweka," Bibi alijibu akiwa dirishani. "Alikuwa analala kwa shemeji yake."

"Alimsaidia shemeji kulinda nyumba."

"Kuilinda akiwa amelala."

"Mzee, na mimi je?" aliuliza mteja kutoka ndani.

Asubuhi Mwalimu Mkuu akamwita Mwalimu ofisini. "Wazazi wamekuja hapa kudai redio," alisema. "Mmoja anataka irudishwe. Mimi nitaitoa wapi redio? Mwalimu, jambo hili liishe, la sivyo siku ya wazazi hakuna hotuba ya babu wa mtu yeyote."

Hayo yalikuwa mepesi. Mazito yalikuwa nyumbani. Bibi hakuvaa viatu vyake jioni ile. Picha alikuwa amerudishiwa, lakini hakuitundika; alikaa akitazama ukuta, pale palipobaki alama yake nyeupe. Chakula hakukigusa.

"Mwanangu," alimwambia Mwalimu, "wewe umesoma. Niambie. Baba yangu alikuwa mwongo?"

Bibi alikuwa na picha hiyo moja tu ya baba yake. Hakuwa na kaburi la karibu wala kitu chake kingine.

Fundi alikuwa anafungua kifuniko cha feni. Akasema bila kuinua kichwa, "Kuna kijana pale ofisi ya kumbukumbu za mji. Nilikwenda kuwatengenezea kiyoyozi. Kazi yake ni kukaa na karatasi na picha za zamani. Nenda."

Siku iliyofuata Mwalimu akaenda. Ofisi ilikuwa chumba kirefu, rafu mpaka darini, mapazia yamefungwa. Mtunza kumbukumbu alikuwa kijana mnene mwenye glavu nyeupe. Alipiga chafya kabla ya salamu.

"Samahani, ni vumbi la watu wa zamani. Shikamoo. Hiyo picha umepita nayo juani?"

"Marahaba. Ilikuwa kwenye taulo."

"Taulo si baya. Naomba niishike." Akaitoa kwenye fremu, akaishika kwa kingo. "Jua hufifisha picha. Vidole vyetu vina mafuta, vinaacha alama. Darasani usipeleke picha yenyewe. Ipige kwa simu au itolee nakala, watoto washike nakala. Yenyewe ibaki nyumbani, pakavu, mbali na dirisha. Usiibandike kwa gundi. Ukitaka kuandika jina, andika nyuma, kwa penseli, polepole. Kalamu ya wino itatokeza mbele, babu aote ndevu."

Mwalimu akamsimulia yote: somo, madawati, redio, wazee wawili, viatu.

"Ulianzaje somo?" kijana aliuliza.

"Nikawaeleza picha inaonyesha nini."

"Basi picha ni mgeni, nawe ulimsemea. Amekuja kuzungumza, wewe umeshamaliza maneno yake." Akacheka kidogo. "Sikulaumu. Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Sikiliza. Picha hii ni chanzo cha mwanzo. Maana yake ni kitu kilichokuwepo siku yenyewe. Barua ya zamani, tiketi, gazeti la siku hiyo, maneno ya mtu aliyeona kwa macho yake, vyote ni vyanzo vya mwanzo. Watoto waanze kwa kutazama. Wanaona nini? Halafu, wanadhani nini? Halafu, wanataka kujua nini? Usizichanganye hizo tatu. Baadaye waulize nani aliipiga, kwa ajili ya nani, na kwa nini. Mwisho watafute chanzo kingine waone kama vinakubaliana."

"Na vikigombana?"

"Hapo ndipo somo linanoga."

"Kwetu limeshanoga mpaka watu hawali," Mwalimu akasema. "Niambie tu, picha hii ni ya uongo?"

Kijana akavua miwani. "Mwalimu, umeolewa?"

"Nimeolewa."

"Picha za harusi mlipiga wapi?"

"Kwenye ngazi za hoteli moja."

"Hoteli ilikuwa yenu?"

Mwalimu alikumbuka kwamba mbele ya zile ngazi kulikuwa na gari refu jeupe, na kwamba Fundi aliliegemea kwa furaha mpaka mwenyewe alipokuja.

"Hakuna aliyedanganya," kijana akasema. "Mtu alikwenda studio, studio ikampa koti na meza. Alipigwa picha ya vile alivyotaka kukumbukwa. Uongo unaingia pale sisi tunapoongeza maneno ambayo picha haikuyasema. Nyuma umetazama?"

"Nyuma?"

Akaigeuza. Kulikuwa na muhuri wa studio, mtaa wa nyuma ya soko. Chini yake, kwa penseli iliyofifia, tarehe.

Mwalimu akaona haya. "Miaka yote hii," akasema, "tulikuwa tunapangusa mbele tu."

Jumatatu akaanza upya. Alikuwa amepiga kila picha kwa simu, mbele na nyuma, akatoa nakala. Picha zenyewe alizirudisha kwa wenyewe. Watoto walikaa kwa makundi, nakala katikati. Fimbo aliiacha kabatini.

"Leo mimi sisemi," alisema. "Niambieni mnaona nini. Mnaona tu."

"Naona mtu."

"Naona mtu amekasirika," alisema mwingine.

"Unaona au unadhani?"

Mtoto akafikiri. "Nadhani. Ninachoona ni mdomo umefungwa."

"Vizuri sana. Endeleeni."

"Naona redio haina waya."

"Labda inatumia betri."

"Hiyo unaona au unadhani?" watoto walimuuliza mwenzao kwa sauti moja. Walikuwa wameupenda mchezo. Mwalimu alifunga mdomo kwa nguvu ili asisaidie, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote.

Wakapanga nakala kwa tarehe za nyuma, kutoka ya kale hadi ya karibu. Wakili akainama mpaka pua ikagusa meza.

"Mwalimu, koti ni lile lile. Mfuko una doa lile lile. Lakini hapa mwanzo linawameza. Tazama babu wa pacha, vidole havionekani. Baba yake babu yangu amebaki kichwa tu. Vifungo viko viwili. Kuanzia hapa," akaweka kidole kwenye picha ya baba yake Bibi, "mikono ya koti imeishia kwenye kifundo cha mkono. Vifungo vyote vipo. Na waliokuja baada yake, wote limewakaa."

"Kwa hiyo unadhani nini?"

"Nadhani kuna mtu alilishona upya. Na ninataka kujua, baba yake Bibi Redio alikuwa anafanya kazi gani?"

"Mkamuulize mwenyewe," Mwalimu akasema. "Lakini msimuulize maswali ya kujibiwa ndiyo au hapana. Muulizeni yale yatakayomfanya aeleze. Na mkae kimya akieleza."

Mchana watoto wachache wakaingia sebuleni kwa Bibi pamoja na Mwalimu. Bibi alikuwa amejitanda shuka kama mgonjwa.

"Bibi, tueleze kazi ya baba yako," alianza Wakili.

"Fundi cherehani. Kazi ya kawaida tu. Alikaa kibarazani anashona, mguu mmoja mbovu."

"Na redio, tueleze ilivyokuwa inalia."

Bibi akashusha shuka begani. "Mimi nilizaliwa baadaye," akasema polepole. "Sikuisikia. Niliambiwa na shangazi."

"Na shangazi aliisikia?"

"Shangazi..." Bibi akatazama dari. "Shangazi naye aliiona kwenye picha."

Hakuna mtoto aliyecheka. Mwalimu aliwapenda sana kwa hilo.

Kilichobaki ni muhuri. Jumamosi wakaufuata mpaka mtaa wa nyuma ya soko. Bibi alisema lazima aende, kwa kuwa anayeshtakiwa ni baba yake. Kinyozi aliposikia, akafunga duka. Wakatembea kila mmoja upande wake wa barabara, watoto katikati, Fundi nyuma na begi lake la vifaa.

Studio haikuwepo tena. Palikuwa na duka la fotokopi, na mwenye duka, mwanamke mwenye sauti nzito aliyeitwa Mama Fotokopi, alikuwa binti wa yule mpiga picha. Mwalimu alipomwonyesha nakala, alicheka mpaka akashika mashine.

"Redio ya baba. Hiyo hapo." Akavuta kutoka chini ya meza sanduku la mbao. Juu yake palikuwa na marobota ya karatasi.

Bibi na Kinyozi wakasogea pamoja, bila kukusudia.

"Washa," alisema Kinyozi.

"Niwashe nini?" alisema Mama Fotokopi. "Fundi, wewe una bisibisi, fungua."

Fundi akalegeza skrubu za nyuma, akatoa ubao. Ndani hapakuwa na waya, spika wala vumbi la spika. Palikuwa na tofali.

"La kuizuia isianguke," Mama Fotokopi akaeleza. "Watu walipenda kuiegemea."

Kinyozi akaligusa tofali kwa ncha ya kidole.

"Baba alikuwa anasikilizia habari hapa," alisema Kinyozi kwa sauti ndogo.

"Alisikiliza tofali," Bibi akasema. Na hapo kicheko kikamtoka puani. Kinyozi akajaribu kukaza uso, uso ukamkatalia. Wakacheka wazee wale mpaka wakashikana mabega wasianguke.

Wakili alingoja wamalize. "Mama, na lile koti, tueleze habari zake."

"Lilikuwa la mjomba wangu, mtu wa tumbo. Wateja walinung'unika, wanapotelea ndani. Baba akampa fundi cherehani mmoja wa kibarazani alipunguze. Hakumlipa fedha. Malipo yake yalikuwa apigwe picha."

Bibi aliacha kucheka. "Fundi gani?"

"Jina silijui. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka tu alikuwa anachechemea."

Bibi akashika ukingo wa meza.

Darasani watoto waliandika bango la maonyesho. Chini ya picha ya baba yake Bibi waliweka hivi: *Redio ilikuwa ya studio. Koti lilikuwa la studio. Mtu huyu alikuwa fundi cherehani. Huenda ndiye aliyelishona koti upya.*

Bibi alikuja mwenyewe kulisoma. "Toeni hiyo huenda," alisema.

"Hatuwezi, Bibi," alisema Wakili. "Shahidi hakumbuki jina."

"Anakumbuka mguu."

"Mguu unasaidia. Ndiyo maana tumeandika huenda. Bila mguu tusingeandika kabisa."

Bibi akamgeukia Kinyozi, aliyekuwa anatazama picha ya baba yake. "Huyu mtoto mnamlisha nini?"

"Ameturithi sisi ubishi," alisema Kinyozi. "Wa pande zote mbili za barabara."

Siku ya wazazi Bibi alisimama mbele ya watu na viatu vyake vipya. Baba yake, kwenye nakala kubwa, alikuwa nyuma yake, na mababu wengine pembeni.

"Baba yangu hakuwa na redio," alisema. "Nilisema uongo miaka mingi bila kujua, mniwie radhi. Alikuwa fundi cherehani, mguu wake mbovu. Mtazame koti linavyowakaa baba zenu kuanzia hapa kwenda huku. Watoto wameandika huenda ni kazi ya mikono yake. Wamefanya sawa, kwa sababu hawana uhakika. Mimi nasimama hapa nikiwa sina uhakika, na sijawahi kumwona baba karibu namna hii."

Akakaa. Watu walipiga makofi, lakini kwanza waligeuka kuyatazama makoti.

Bibi aliishi miaka michache baada ya hapo, akafa kwa ugonjwa wa figo. Kinyozi alikuwa kati ya waliomzika, kisha akauza duka akahamia kwa binti yake. Mama Fotokopi aliipa shule lile sanduku la mbao. Mtunza kumbukumbu alihamishiwa mji mwingine. Wakili hakusoma sheria, anapima ardhi. Fundi bado anatengeneza friji. Mwalimu anafundisha darasa la nne. Kila mwaka anaanza somo hilo kwa nakala ya picha asiyoijua, na hasemi kitu mpaka watoto wamalize kutazama.